Usinunue kiti cha juu ya ukuta Fenway kama unachokifuata ni ubao

Mkuu, funga huo ukurasa wa malipo kwanza, halafu soma.

Umeandika kwamba mwezi wa saba unakuja Boston na familia, baadaye mtapita Chicago, na kwamba kitu unachokitaka hasa ni kuuona kwa macho yako ule ubao wa matokeo wa Fenway Park, uwanja wa besiboli wa timu ya Red Sox, unaobadilishwa kwa mkono. Halafu ukasema umepata viti "juu kabisa ya ubao", kwenye ule ukuta wa kijani, na umebakiza kulipa tu. Usilipe. Ukikaa pale ubao uko chini ya miguu yako. Wewe unatazama kule anakosimama mpigaji, na ubao nao unatazama hukohuko. Hutaona namba hata moja mpaka mechi iishe, labda uiname kwenye ukingo wa ukuta wenye urefu wa mita 11, na walinzi hawatakuruhusu.

Nakwambia hivi kwa ukali kwa sababu nililipa pesa nyingi kwa kosa hilohilo, na aliyenipeleka huko ni dalali wa tiketi wa mtandaoni. Nilimwandikia wazi kabisa: sijali kukamata mpira, sijali kupiga picha na wachezaji, nataka ubao. Akanijibu kwamba viti vya juu ya ukuta ndivyo vilivyo karibu na ubao kuliko vyote uwanjani. Ni kweli, viko karibu, kama vile aliye juu ya paa alivyo karibu na mlango wa nyumba. Kwa hela ile ningeketi upande wa pili mimi na familia nzima na tukala tukashiba. Nilipomlalamikia akasema watu wanaombea viti vile mwaka mzima. Wanaoviombea wanafuata homurani, ile mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja, kwa sababu mingi inaangukia palepale. Kwa hilo ni viti vizuri, vile virefu vyenye meza nyembamba ya kuwekea kinywaji. Lakini mtu amekwambia anachotaka, umeelewa, halafu unamuuzia kinyume chake? Huo ni wizi, na madalali wa namna hiyo bado wapo mtandaoni leo wanaandika maneno yaleyale. Nimeyatambua kwenye nukuu uliyobandika.

Kilichoniuma zaidi kuliko hela ni hiki. Katikati ya mechi upande wote wa pili wa uwanja ukaanza kucheka na kunyoosha vidole kuelekea kwetu. Nikamwona baba mmoja anamnyanyua mtoto mabegani na kumwonyesha kitu, kidole chake kikielekea chini ya viatu vyangu. Kitu fulani kilikuwa kinatokea kwenye ubao. Maelfu ya watu walikuwa wanakiona, isipokuwa sisi tulioukalia.

Sasa nikueleze wao wanaona nini, ili ujue utakachokikosa.

Uwanja wenyewe ni wa 1912, ubao uliwekwa ukutani 1934, na ukuta ulipakwa rangi ya kijani 1947. Kabla ya hapo ulijaa matangazo ya biashara. Ubao uko sehemu ya chini ya ukuta, na ndani yake kuna kichumba chembamba ambamo watu watatu wanashinda mechi nzima wakibadilisha namba kwa kuzisukuma kwenye matundu kwa nyuma. Bamba la mikimbio, yaani pointi, au la mapigo safi, yale yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, lina upana na urefu wa sentimita 40 hivi na linakaribia kilo moja na nusu. Kaa upande unaotazamana nalo na uangalie tundu moja tu. Mchezaji anavuka besi ya mwisho, kile kituo kinachompa pointi, uwanja unalipuka, na kwa sekunde chache ubao bado unasoma namba ya zamani. Halafu lile bamba linazama, panabaki mraba mweusi, na kutoka gizani inakuja namba mpya. Ni ya njano. Kipindi kikishafungwa, ya njano inatolewa na nyeupe inakaa mahali pake. Hapo ndipo unajua kwamba mambo ya kipindi kile yamekwisha, hayafutiki tena.

Usisahau mistari myeupe ya wima. Ina nukta na vistari vidogo ambavyo watu wengi wanadhani ni mapambo. Ni msimbo wa Morse: herufi TAY na JRY, yaani Thomas Yawkey aliyekuwa mmiliki wa timu na mkewe Jean. Hata ukiwa juu ya ukuta na darubini mkononi, huwezi kuvisoma.

Na ubao wenyewe umo ndani ya mchezo. Mpira ukiingia kwenye tundu wakati namba inabadilishwa, mpigaji anapewa besi mbili. Mwaka 2005 Manny Ramírez, mchezaji wa Red Sox aliyelinda upande wa kushoto mbele ya ukuta huo, aliingia kwenye mlango mdogo wa ubao wakati wenzake wakizungumza na mrushaji wa mpira, na alipotoka mchezo ulikuwa umeshaanza bila yeye kuwa mahali pake. Aliyekaa juu ya ukuta siku ile angeuliza tu, Manny yuko wapi?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na ninairudia kwa kila anayeniuliza: nunua kiti kinachotazamana na ubao, kamwe usinunue kiti kilicho kwenye ubao, juu yake au chini yake. Kabla hujaangalia bei, kabla hujaangalia kama kuna kivuli, jiulize uso wako utaelekea wapi.

Kwa Fenway maana yake ni upande wa besi ya kwanza na kuelekea pembe ya kulia, yaani kulia kwa anayetazama uwanja kutoka nyuma ya mpigaji. Wenyeji wanavisema vibaya viti vya pembe ya kulia kwa sababu vimejengwa vikitazama katikati ya uwanja na ukuta wa kijani, kwa hiyo ukitaka kumwona mpigaji inabidi ugeuze shingo. Wao wanalalamika, lakini kwa wewe mwenye kiu ya ubao hicho ndicho unachokitafuta, na bei huwa nafuu. Angalia kitu kimoja tu: nguzo. Viti vya nyuma chini ya paa vimepandwa katikati ya nguzo za chuma, na nguzo moja ikikukalia vibaya inameza nusu ya ubao. Pia usichukue vile vya pembe ya kushoto kabisa vilivyoshikana na ukuta. Pale ubao unauona kwa ubavu, namba zimebanana hazisomeki.

Chicago mtego ni uleule, sura tofauti. Ubao wa Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs, ni wa 1937, una urefu wa mita 8 na upana wa mita 23 hivi, uko katikati juu ya mabenchi ya mashabiki. Watu wananunua mabenchi yale kwa sababu kwenye picha ubao uko palepale. Uko mgongoni mwako! Na ukienda viti vya chini, safu za nyuma, sakafu ya ghorofa ya juu inakukata macho, unaona mchezo lakini ubao wote umefichwa. Chukua ghorofa ya juu, nyuma ya mpigaji, safu za mbele. Kutoka hapo unaona ubao mzima, saa yake iliyoongezwa 1941, na bendera za timu za National League, ligi wanayocheza Cubs, zilizopangwa kwenye mlingoti kufuata msimamo wa ligi. Mechi ikiisha inapandishwa bendera nyeupe yenye W ya bluu kama Cubs wameshinda, ya bluu yenye L nyeupe kama wamefungwa, na abiria wa treni inayopita karibu wanajua matokeo bila kumuuliza mtu. Ubao huo haujawahi kugongwa na mpira wa mechi. Mcheza gofu Sam Snead aliugonga mwaka 1951, lakini kwa mpira wa gofu.

Kuna mwenzetu hapo juu kwenye uzi amesema mbao za zamani ni ushamba, eti siku hizi kuna skrini. Siikatai skrini. Los Angeles waliwasha skrini kubwa ya video Dodger Stadium mwaka 1980, na Kansas City wana ile yenye umbo la taji ambayo mimi binafsi naipenda sana. Lakini ajue kwamba aliyesimamia ujenzi wa ubao wa Wrigley ni Bill Veeck, na huyohuyo Veeck, 1960, akiwa mmiliki wa White Sox, timu ya upande wa kusini wa Chicago, ndiye aliyeleta ubao uliokuwa unalipuka fataki kila timu yake ikipiga homurani. Yankees wa New York walipokuja wakapiga homurani ya kwao, ubao ukanyamaza, basi kocha wao Casey Stengel na wachezaji wake wakawasha fataki ndogo za mkononi kwenye benchi lao. Mtu mmoja alipenda vyote viwili, kwa hiyo sioni kwa nini sisi tugombane. Ninachokidai kwenye skrini ni kwamba ikae kimya mrushaji anapojiandaa. Nyingi hazinyamazi, zinakuamrisha upige makofi, na ukimaliza kupiga tukio limeshapita. Ubao wa mkono unakuachia macho yako uwanjani, unaufuata pale tu unapouhitaji.

Yale mengine uliyouliza, ya koti, ya binti yako kuhitaji tiketi au la, na mahali pa kulala, watakujibu wengine, humu kuna watu wa Lowell na Worcester, miji ya jirani na Boston, wanaojua zaidi. Wewe nitumie namba ya sehemu, safu na kiti kabla hujalipa. Safu zenye nguzo Fenway nazijua, na nitakujibu leo hiihii.