Mchoro gani utaonyesha kwa nini wafanyakazi wanaacha kazi?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ulimpelekea meneja wako mchoro wa nguzo 12, moja kwa kila mwezi, zikionyesha idadi ya walioacha kazi, naye akakuuliza tena swali lile lile: kwa nini wanaondoka? Nimekuwa afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kufungasha vyakula jijini Dar es Salaam kwa miaka 9, na mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo hiyo.

Kiwanda chenye wastani wa wafanyakazi 78 kikipoteza 24 kwa mwaka, kiwango cha walioondoka ni takribani asilimia 31, iwe kila idara imepoteza wawili watatu au nafasi 6 zile zile zimejazwa na kuachwa mara 4. Ndiyo maana nilirudi kwenye majalada ya miaka 3, nikaandika tarehe ya kuanza kazi, siku ya mwisho kazini, idara, zamu, na aliyeamua, yaani mfanyakazi mwenyewe au mwajiri. Jambo hili la mwisho usilipuuze, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake, hivyo wanaoondoka mapema si wote waliotaka kuondoka.

Kisha kila mtu nilimchorea mstari mmoja mlalo, yote ikianzia kwenye sifuri bila kujali mwaka wa kuajiriwa, urefu wake ukiwa miezi aliyokaa. Aliyeondoka nilimwekea nukta nyeusi mwishoni. Aliye bado kazini niliacha mstari wake wazi. Nakusihi usiwaondoe hawa wa pili, kwa sababu wastani wa muda wa walioondoka peke yao unawasahau kabisa waliovumilia, na kazi inaonekana fupi kuliko ilivyo. Watafiti wa takwimu Kaplan na Meier walichapisha mwaka 1958 njia ya kuwahesabu walio bado kazini hadi mwezi waliofikia, na mchoro wake ni ngazi inayoshuka kila mtu anapoondoka. Njia hiyo hutumika sana katika tafiti za wagonjwa, lakini inafaa vizuri hata hapa.

Nilipoipanga mistari kwa zamu, nukta za mchana zilitawanyika, ilhali za usiku zilisongamana kati ya mwezi wa 4 na wa 5 kama ukuta. Nikabadilisha rangi ya kila mstari pale mtu alipohamishwa zamu, na hapo ndipo nilipoelewa: tulikuwa tukiwaweka wapya mchana kwa miezi 3 ya majaribio, kisha tunawapeleka usiku.

Mchoro ulinionyesha mahali pa kuuliza, jibu nikalipata kwa watu. Katika fomu za kuacha kazi karibu wote walikuwa wameandika "sababu binafsi", lakini mama mmoja wa kufungasha niliyempigia simu aliniambia kwamba zamu ilikwisha saa 5 na nusu usiku, daladala zimekwisha, na bodaboda hadi Chanika ilikuwa ikimla mshahara. Uongozi ulikubali zamu iishe saa 3. Walioajiriwa baada ya hapo nawachorea kwa kijani, na mistari yao mingi imeshaupita mwezi wa 5 ikiwa bado wazi.