Kisukari, moyo na mlango wa hospitali: maswali yenu

Shikamoo daktari. Mama ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Alitokwa jasho jingi, akalegea, tukampa soda tukijua sukari imeshuka. Hospitali ya serikali wakampima sukari, wakamruhusu. Kesho kutwa yake hospitali binafsi wakasema alipata mshtuko wa moyo. Mbona hakulalamika kifua? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, na pole sana. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikiwemo inayoleta habari ya maumivu kutoka moyoni. Ndiyo maana wengine hawasikii lile jiwe kifuani. Hutokwa jasho la ghafla, hukata pumzi, hutapika, au huchoka mpaka hawawezi kukaa. Kumpima sukari ilikuwa sahihi. Kosa ni kuishia hapo. Mtu mwenye kisukari akifika hivyo, anatakiwa awe ameshapigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10. Nyaya zinabandikwa kifuani na mikononi na miguuni, karatasi inatoka. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa dharura katika hospitali ya rufaa kaskazini mwa Tanzania walikuta mshtuko wa moyo kwa watu wengi ambao waliandikiwa ugonjwa mwingine kabisa. Hili linaniuma, kwa sababu mashine mara nyingi ipo, imefunikwa kitambaa chumba cha pili.

Kwa hiyo ukiwa na hela ukimbilie binafsi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa kasi ya mapokezi, mara nyingi binafsi wanashinda: foleni fupi, vipimo papo hapo. Ila usidanganywe na marumaru. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ni ya umma, na inazibua mishipa ya moyo na kufanya upasuaji mkubwa wa moyo. Hospitali binafsi zisizo na mtambo wa kuzibulia nazo huandika rufaa, na saa zinakwenda.

Mwenye kisukari ana jambo la ziada la kuuliza. Utafiti mkubwa uliotoka 2012, wa wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba, ulionyesha kuwa upasuaji wa kupandikiza mishipa uliokoa maisha zaidi kuliko kuwekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Hao hawakuwa kwenye saa za kwanza za mshtuko. Pale kinachotangulia ni kufungua mshipa ulioziba. Hali ikitulia, uliza: mishipa mingapi imeziba, na je, kesi yangu imejadiliwa na daktari wa upasuaji? Nisingependa uwekewe stenti kwa sababu tu ndicho kinachopatikana pale ulipolipia.

Mjomba alizuiliwa mapokezi mpaka tulipe amana. Wana haki hiyo? (Msomaji, Mombasa)

Hawana. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Itaje ibara hiyo kwa sauti, pale pale dirishani. Kwa wa Tanzania: hospitali ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia msamaha wa wasiojiweza. Ndugu mmoja aende huko, mwingine abaki na mgonjwa.

Niko Kigoma, mtambo uko mbali. Nimwache afe? (Msomaji, Kigoma)

Hapana, ndugu yangu. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayopitishwa kwenye mshipa. Hufaa zaidi saa za mwanzo, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze, ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa. Si kila hospitali inayo, kwa hiyo nenda leo kaulize hospitali ya mkoa, mgonjwa akiwa bado mzima. Siku ya siku, atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa ana mzio nayo au anatokwa damu. Pima sukari mkiwa njiani. Beba daftari lake la kliniki, na uandike juu yake saa ambayo jasho lilianza, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.