Mashine ikilia, tazama mkono wako kwanza

Miezi ya mwanzo, usiku wa kuamkia siku ya mashine nilikuwa silali. Figo zangu zimeshindwa kazi, nasafisha damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kila mara muda wa saa 4. Daladala ikifika Michenzani tu, tumbo linanikata.

Kilichonitisha hasa ni kengele. Mashine ikilia, mie nishapiga shahada. Sista anakuja pole pole kama anaekwenda sokoni, anabonyeza kitufe, anarudi zake. Siku moja nikamuuliza. "Umekunja mkono, baba," akanambia. Basi! Mpira wa damu ukibanwa, mashine inalalamika. Nikamuuliza na damu yenyewe: iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kama kikombe cha chai. Mie nikidhani imetoka yote.

Kwa hiyo uliza, mpaka wakuchoke.

Lakini si kila moyo kwenda mbio ni wasiwasi. Ukiona jasho la baridi, miayo, kizunguzungu, msuli wa mguu umekaza, huenda presha inashuka kwa vile maji yanatolewa kwa kasi. Usijikaze kiume, sema. Watakupima, watapunguza kasi, watakulaza miguu juu.

Mie woga ulinifikisha pabaya. Siku moja nilisingizia homa nisende, na kujiliwaza nikanywa madafu mawili Darajani. Dafu lina madini ya potasiamu kwa wingi, na figo zikishindwa kuitoa inaweza kusimamisha moyo. Moyo ulinusurika, lakini maji ambayo mashine haikuyatoa yalibaki mwilini: usiku wa pili sikuweza kulala chali, pumzi haipandi. Nilikaa kitako barazani mpaka adhana ya alfajiri, mke wangu ananipepea. Wasiwasi wa kwenye kiti haufiki hata robo ya ule.

Na wageni! Mtu anakuja kukutazama, hajakaa vyema keshakuhadithia marehemu watatu wa mashine. Siku hizi mke wangu anawakatiza mlangoni.

Usingizi ukikataa kabisa, mwambie daktari. Wasiwasi nao unatibiwa, kama presha inavyotibiwa. Vidonge vya kulalia usijinunulie dukani, dawa nyingi hutolewa mwilini na figo, na zetu ndizo hizo.

Kiti cha jirani yangu kikiwa kitupu, bado roho inaniruka. Hilo sijalipatia dawa. Juzi alikikalia kijana mgeni, mashine yake ikalia, akanigeukia macho yamemtoka.

"Nyoosha mkono, mwanangu," nikamwambia.