Cheka Mtungi Mtupu, Usimcheke Aliyeubeba

Mwaka 2013, hapa Kenya tulipopiga kura za kaunti kwa mara ya kwanza, niliandika tangazo la redio lililowavunja mbavu wote waliokuwa studio. Mgombea wangu wa uwakilishi wadi alikuwa na shahada. Mpinzani wake alikuwa mchuuzi wa samaki aliyeishia darasa la sita. Nikatunga mchezo mfupi: mtu ameshika karatasi ya hotuba, anagugumia, "Ma... maen... maendele...", halafu sauti ya mtoto mdogo inamtajia neno zima. Fundi mitambo alicheka hadi akatuomba turekodi upya, maana kicheko chake kiliingia ndani. Mgombea akalipia wiki mbili.

Siku ya tatu nilikwenda sokoni. Mama ninayenunua samaki kwake aliendelea kuparua magamba bila kuniangalia.

"Lile la redio umeandika wewe?"

Nikaitikia.

"Sasa mwanangu, mlimcheka yeye au mlitucheka sisi? Mimi hilo darasa la sita lenyewe sikulifika."

Akanifungia changu wawili kwenye gazeti, na siku hiyo hakunipunguzia hata shilingi kumi. Nilirudi nyumbani nikijua tumeshindwa, na tulishindwa kweli.

Nalisimulia hili kwa sababu simu za uchaguzi wa 2027 zimeshaanza kulia, na karibu kila mgombea anataka kitu kile kile: "Nitengenezee kichekesho kitembee WhatsApp." Sina ugomvi na kichekesho. Mtu aliyechoshwa na ahadi huzima redio akisikia "ndugu wananchi", lakini akisikia watu wawili wakibishana kwa utani, mkono wake husita. Na sisi wa pwani hatukuanza jana. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwarushia mahasimu wa mji wake mashairi yenye vijembe katika karne ya 19, nao wakajibu kwa mashairi. Ila kabla sijashika kalamu namuuliza mgombea: tunamcheka nani, na mpiga kura atajikuta upande gani wa kicheko hicho?

Mwaka 2022 nchi nzima ililiona swali hili. William Ruto, aliyekuwa akigombea urais, na chama chake cha UDA walichukua wilibaro kuwa alama yao, na wapinzani wao wakaidhihaki kwa wiki nyingi. Nchi hii ina vijana wangapi wanaolisha watoto kwa kusukuma wilibaro au mkokoteni? Kila kejeli iliyotupwa kwenye chombo ilimwangukia aliyekishika. Sisemi hilo peke yake ndilo lililoamua uchaguzi. Nasema kejeli zile hazikuwaletea waliozitoa kura hata moja.

Baada ya somo la sokoni nilibadili namna ya kuandika. Mwaka 2017 nilipata mgombea mwingine, katika mtaa ambao bomba lake lilikuwa limekauka kwa miaka. Tangazo lilianza kwa mlio wa mitungi ikigongana.

"Kijana, huu ndio mstari wa maji?"

"Ndio huu, mama."

"Umepanga tangu lini?"

"Mimi sikupanga, mama. Nimerithi. Aliyepanga ni marehemu babu."

Kisha mgombea mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida, bila muziki: "Bomba hili lina miaka mitano halijatoa maji. Nitadai fedha zake katika bajeti ya kaunti, na kila mwezi nitakuja hapa hapa kwenye mstari kuwaeleza zimefika wapi."

Ni sekunde thelathini tu. Nusu ya kwanza ni kicheko, nusu ya pili ni kazi, na aliyechekesha si mgombea. Hili nalisisitiza sana, kwa kuwa wengi wao hutaka wachekeshe wenyewe. Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi, aliweza kusimama jukwaani akatega kitendawili, au akatangaza siasa kama mpira, uwanja mzima ukamfuata, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akizungumza. Mgombea asiye na kipaji hicho mwache awe mtu makini, utani uwape waigizaji.

Kingine ninachopima ni kile kinachobaki mdomoni mwa watu. Kama mtu akisimulia kichekesho chako kwa jirani hatataja hoja yako, umemburudisha bure. George Wajackoyah, mgombea urais, alikuwa gumzo la 2022 kwa ahadi zake: bangi ya kuuza nje, sumu ya nyoka, wiki ya kazi ya siku nne. Watu walicheka kuanzia matatu hadi misikitini na makanisani. Zilipohesabiwa, kura zake zilikuwa 61,969 kati ya zaidi ya milioni 14. Walimpenda, wakampigia simu redioni, kisha wakampigia kura mwingine.

Linganisha na tangazo la Mitch McConnell, aliyekuwa akigombea useneta kule Kentucky, Marekani, mwaka 1984. Mtu anazunguka na mbwa wa kunusa akimtafuta mpinzani wake, seneta Huddleston, ambaye McConnell alimlaumu kwa kukosa kura bungeni huku akilipwa kutoa hotuba kwingine. Huwezi kulisimulia tangazo hilo bila kutaja shutuma yenyewe: hayupo kazini. Sura yake, umri wake na lafudhi yake havikuguswa. McConnell alishinda kwa kura zipatazo 5,000 hivi.

Kuhusu kabila sina maelezo marefu. Utani wa makabila una wenyewe na una mahali pake, na watani wakikutana matangani wanajua mpaka uko wapi. Redioni mpaka huo haupo, kwa sababu humjui anayesikiliza. Baada ya uchaguzi wa 2007 tulizika zaidi ya watu 1,100, na sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 ilikuja kwa sababu hiyo. Mgombea akiniletea mzaha wa kabila, hata la kwake mwenyewe, namrudishia malipo yake ya awali. Nimeshafanya hivyo mara mbili na sijajutia hata moja.

Usijaribu tangazo lako kwa timu ya kampeni. Wale watacheka, wamelishwa na bosi. Lipeleke kwa mtu asiyekudai wala usiyemdai, na ikiwezekana, kwa mtu anayetoka upande wa mpinzani.

Mimi nalipeleka kwa yule mama wa samaki. Rasimu nyingi huzisikiliza huku akiparua, ananyamaza, nami nazirudisha nyumbani kuzichana. Ile ya mstari wa maji alicheka kwa sauti, akaweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaanza kunieleza jinsi alivyoamka saa tisa usiku wiki iliyopita akakuta mitungi kumi na minne imemtangulia. Alieleza mpaka mteja mwingine akachoka kusubiri. Jioni ile ile tulirekodi.