Mwanangu, hio nyama iache ijipike

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako niliisoma jana usiku nishaingia kitandani, nikawasha taa nikaisoma tena. Umeniuliza, "Baba, nimenunua ile sufuria ya stima ya kupika polepole, Jumapili wakwe wanakuja chakula cha jioni na nataka kuwapikia rosti ya nguruwe kama ile yako ya Krismasi, lakini wiki jana nilijaribu ikatoka kavu kama kamba na maji yamejaa tele, nilikosea wapi?" Nakuandikia barua manake hii kitu haitoshi kwenye meseji, na pia najua huko Nairobi uko peke yako jikoni na roho inakudunda kwa sababu ya wageni.

Kwanza mamangu, hukukosea kupika, ulikosea kununua. Umesema ulichukua steki safi ya mgongoni isiyo na mafuta kwa sababu ndio ilionekana nzuri, na kweli ni nzuri, lakini hio ni nyama ya kukaanga dakika chache ikaliwa, ukiiweka masaa nane inakamuka maji yake yote na haina kitu cha kuikinga. Nenda bucha uitishe bega. Kilo 2 na mfupa wake, hio inatosha watu sita na wakabakisha. Bega ndilo linalombeba nguruwe siku zote za maisha yake, limejaa kano na utando mweupe unaopita katikati ya nyama, ukiliangalia bichi unaweza kudhani umeuziwa vibaya, na ni ule utando ndio unaotafuta. Ukipata moto mdogo kwa masaa mengi unayeyuka unakuwa ule ute unaonata kwenye midomo, unaingia kati ya nyuzi za nyama na nyama inalainika. Miaka yote niliyokaa jikoni kwa hoteli huku Bamburi sijaona mtu akilainisha nyama ya mgongo kwa kuipika muda mrefu, na nimeona wengi wakijaribu, wengine na shahada.

Hapo kwa bucha angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama, halafu iangalie nyama yenyewe kwa karibu, ukiona vijipovu vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama wacha hapo hapo utoke, hio ni tegu, usiseme ati nitapika sana itakufa. Na kama nyama imeganda kwa friza itoe siku nzima kabla, ikae kwa friji chini iyeyuke, usiwahi kutia nyama iliyoganda kwenye hio sufuria yako kwa sababu moto wake ni wa taratibu, katikati itakaa vuguvugu masaa mengi na vijidudu vinazaana hapo.

Jumamosi usiku ipake chumvi, vijiko vitatu vya chai kwa hio kilo 2, thomu uliyotwanga, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba uliyoikaanga kavu kidogo ikatoa harufu. Ifunike ilale kwa friji. Asubuhi itoe, ipanguse maji kwa karatasi ya jikoni mpaka ngozi yake ikauke, halafu chukua karai, moto mkali, mafuta kidogo, uiweke na USIIGUSE. Itashika chini, wacha ishike, ikishakuwa tayari itajiachia yenyewe na utaona imefanya rangi ya kahawia kama sukari guru. Igeuze kila upande, hata ile ncha nyembamba ya pembeni isimamishe na koleo. Hii ni dakika kumi na tano hivi na watu wengi wanairuka kwa sababu kitabu cha hio sufuria kinasema tia kila kitu bonyeza swichi, lakini sufuria ya mvuke haiwezi kukupa hio rangi, na utamu wa rosti unaanzia hapo. Zile zilizoshika kwenye karai zikwangue na maji kidogo ya ukwaju uzimwagie zote ndani, hizo ni mali.

Chini panga vitunguu vilivyokatwa vinene, karoti na viazi vikubwa vikubwa, viazi vikae chini kabisa kwa sababu joto la hio sufuria liko kwenye kuta na chini, vikikaa juu nyama itaiva na viazi vitakuwa bado vinakatika kama tufaha. Nyama juu yake, upande wa mafuta uangalie juu. Halafu maji ni nusu kikombe, basi, pamoja na huo ukwaju. Wiki jana uliifunika nyama kwa maji kama unapika supu, na mvuke kwenye hio sufuria hauna pa kutokea, nyama na vitunguu vinatoa maji yao, ukianza na mengi unamalizia na mengi zaidi.

Ukitaka kutia tui kama anavyopenda mamako, lingoje nusu saa ya mwisho, likikaa humo siku nzima linakatika.

Weka moto mdogo saa tatu asubuhi, muende kanisani, na ukirudi usifunue. Mamangu, nakuomba. Najua mkono utakuwasha, najua utataka tu kuchungulia, lakini kila ukifunua joto lote linatoka na unajiongezea karibu nusu saa ya kungoja. Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa akipalia makaa, makaa machache chini ya chungu na mengine juu ya mfuniko, halafu anakaa kibarazani anasuka ukili na sisi watoto tukisogea tunaambiwa rudi nyuma? Ni kitu kile kile. Yule aliyebuni hizi sufuria za stima kule Marekani, Irving Naxon, alipata hati ya kumiliki ubunifu wake mwaka 1940, na wazo alilipata kwa mamake aliyemsimulia jinsi bibi yake Irving huko Lithuania alivyokuwa akipeleka chungu cha maharagwe kwenye tanuri la mkate kikalala humo usiku kucha kwenye joto lililobaki. Kwa hivyo usidhani umenunua kitu kigeni, umenunua mapalio ya bibi yenye plagi.

(Na hapo kwa maharagwe, siku ukitaka kupika yale mekundu humo, yaloweke, umwage maji, uyachemshe kwanza kwa jiko la gesi dakika 10 mtokoto wa nguvu, yana sumu na huo moto mdogo hauiui.)

Saa kumi na moja jioni ndio unafunua, hio ni masaa nane. Chomeka uma katikati uuzungushe, nyama ikikubali kuzunguka na uma iko tayari, vuta mfupa, utatoka mweupe msafi bila nyama hata chembe. Ikikataa, funika, mpe saa moja tena. Nyama ngumu ya bega haimaanishi imeiva kupita kiasi, inamaanisha haijafika, hapo ndipo watu wanapata wasiwasi wanazima. Ndio maana nimekwambia uanze saa tatu ingawa mnakula saa moja usiku, hayo masaa ya ziada ni ya kukupa amani.

Itoe kwa sinia uifunike ikae dakika ishirini. Mchuzi uchuje, engua mafuta ya juu, uchemshe kwenye sufuria ya kawaida mpaka ushike mgongo wa kijiko, onja, ongeza ndimu. Wali mweupe, mchicha, kachumbari, wakwe watashiba.

Stima ikipotea na uko nyumbani hamishia kwa gesi hapo hapo umalizie. Ikipotea mko kanisani na hujui ilikaa masaa mangapi, tupa, usiionee huruma hio pesa. Tokeni za stima zisikutishe, sufuria nyingi za aina hii zinakula kati ya wati 200 na 300, masaa nane ni kama yuniti 2 tu.

Kitu cha mwisho, na hiki kiweke moyoni kwa sababu umekulia Mombasa. Uliniambia rafiki yako wa kazini, yule Muislamu, anapenda kuja kula kwako. Hio sufuria, ubao na mwiko ukishapikia nguruwe usimpikie yeye humo, hata umesugua ikang'aa. Wenzetu Waislamu wengi hapa Pwani ni Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafi, chombo kilichoguswa na nguruwe kwao kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, sio sabuni ya kawaida ya vyombo. Hapa nyumbani unajua ile sufuria yenye mshikio mwekundu na kisu chake vinakaa kabati la nje, na nikipika nafunga dirisha la upande wa jirani, na yeye siku ya Idi analeta sinia la biriani tunakula sote bila mtu kujiuliza kitu. Mnunulie rafiki yako sufuria yake hata ndogo, umwonyeshe ilipo.

Jumapili mimi naamka mapema tu. Ukishaigeuza kwenye karai nipigie picha ya ile rangi nione.

Babako