Jibu: AMR (barua ya impo, ni kusema bale ba kodi ba Congo, ya kudai makuta, yaani feza) ya dola 40 000 imenifikia, naweza enda moja kwa moja ku tribinali?

Yaya, apana. Mi nilijaribu ile njia, avoka (wakili) njo alinirudisha. Sheria 004/2003 ya 13 Machi 2003 inataka kwanza uandike reklamasio (barua ya kupinga ile kodi) kwa impo benyewe, ukiruka hapo juji anatupa dosie bila kuangalia kama uko na haki.

Uko na miezi 6 kuanzia siku ulipokea AMR, si tarehe iko imeandikwa juu. Yangu mutoto wa magazini alisaini akaiweka pamoja na bon za sima, nikaiona kisha wiki tatu, na zile wiki zilikuwa zinahesabiwa tu.

Mi nauzisha misumari na mabati mu Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, bale ba Nairobi basicheke). Bale ba impo bakachukua makuta yote yenye iliingia ku konti ya banki bakasema ni mauzo, wakaongeza na TVA (kodi ya mauzo) 16% juu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa likelemba, ule mchango wa kupokezana! Mi njo nilikuwa nachunga makuta ya kikundi, makuta inaingia Jumatatu, Jumanne inatoka kwa mwenye zamu. Njo nikaleta kayé (daftari) ya likelemba na saini za kila mutu, na karatasi za banki, nikaonesha siku kwa siku. Usiandike hadisi ya machozi sijui uko na batoto sita, andika hesabu gani unakataa, juu ya nini, na karatasi iko wapi. Na kama balikutoza dofisi (balikadiria kodi benyewe) kwa sababu haukufanya deklarasio, ni wewe njo wa kuleta ushahidi.

Kopi yako ya reklamasio bapige tampo (muhuri) na tarehe. Sehemu unakubali, lipa. Ingine omba sirsi (bangoje kwanza kukulipisha) kwa maandishi, usilale, kwa sababu banaweza kuandikia banki yako konti ikafungwa.

Mi, impo bakanitolea hesabu ya likelemba, deni ingine ikabaki. Hapo njo mulango ya kur dapel (tribinali ya rufaa) unafunguka (tangu sheria 16/027 ya 2016 kuko juridiksio za administrasio (tribinali za mambo ya serikali), avoka akuambie ni grefe (ofisi ya tribinali) gani inapokea, na akuhesabie siku). Mi sikuenda, avoka aliomba makuta kupita ile tulikuwa tunabishania. Nikalipa, nikaomba tu bapunguze amandi (faini), ile ni barua ya kuomba huruma, si ya kubishana sheria.

Lakini wewe unasema ni dola 40 000, ile si ya kuachia. AMR ulisaini siku gani?