Gitaa jipya lizeeke vipi? Maswali yenu na majibu yetu

Mafundi, salamu. Gitaa langu la umeme ni jeusi, jipya. Nimelisugua kwa msasa jioni nzima ili lionekane la zamani, limekuwa kama lililoparurwa na paka. Nimekosea wapi? (Msomaji, Majengo)

Umesugua kabla ya kujua umesugua nini. Magitaa mengi ya siku hizi hufunikwa kwa poliesta au poliyurethani, yaani plastiki nene na ngumu. Yale ya miaka ya 1950 mengi yalipuliziwa naitroselulosi, vanishi nyembamba inayoliwa na jasho na nguo kidogo kidogo mpaka mti uonekane. Poli hailiki hivyo. Humeguka kama sahani.

Pima kwanza. Fungua shingo, chovya kijiti cha pamba katika asetoni ya kutolea rangi ya kucha, gusa ndani ya tundu la shingo. Ikinata baada ya sekunde chache, ni naitro. Isiponata, una poli.

Kwa poli, vua kila kitu: nyuzi, shingo, kibao cha plastiki, waya. Chora kwa penseli pale unapotaka mti uonekane. Pasha moto sehemu ndogo kwa mashine ya hewa moto, ukiisogeza muda wote, kisha inua rangi kwa kisu butu cha kupakia pati. Ukisimama pahali pamoja utauunguza mti, na weusi ule hautoki. Halafu msasa: namba 240 kwenye ukingo wa rangi, 400, umalizie kwa 800. Kazi yote iko kwenye ukingo huo. Uteremke kama ufuo, usikatike kama ukuta wa gati.

Chini ya rangi kuna tabaka la kujazia vinyweleo vya mti, gumu na angavu. Lisipotoka lote, rangi ya kuuzeesha mti haiingii, na hapo ndipo wengi hukwama. Ukifika kwenye mti wenyewe utakuta ni mweupe mno. Mti ulioguswa miaka thelathini hauwi hivyo. Paka rangi ya viatu ya kahawia kwa kitambaa, ngoja dakika tano, futa, rudia. Katikati pawe peusi kuliko pembeni, kwa kuwa ndipo mkono ulipolala.

Nianze kuchubua wapi? (Kongowea)

Mwili wa mpigaji ndio hukuonyesha. Mkono wa kulia hulalia ukingo wa juu, gumba la kushoto hupita nyuma ya shingo, na bizimu ya mshipi hukwaruza mgongo wa gitaa. Jiulize basi mpigaji wako ni nani. Akiwa wa taarabu, amekaa kitini na kanzu, bizimu itoke wapi? Mwachie mgongo safi, umchakaze pale gitaa linapolalia paja. Kosa tunaloliona kila mara ni uchakavu uliogawanywa sawasawa gitaa zima, kama upele.

Nimepulizia NC ya magari juu ya gitaa mwezi wa Mei, ikageuka nyeupe kama maziwa. (Likoni)

NC ni naitroselulosi hiyohiyo, chaguo zuri. Uliponzwa na masika. Thina ikiyeyuka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa ukaganda pale na kunaswa ndani. Usikwangue. Siku kavu, pulizia ukungu mwepesi wa thina inayokauka polepole; rangi italainika na maji yatoke. Mara nyingine subiri kaskazi, upulizie kati ya saa tano na saa tisa mchana, tabaka nyembamba. Vaa barakoa yenye kichujio cha mkaa, na jiko lisiwe karibu.

Zile nyufa nyembamba kama utando wa buibui nazipataje kwenye joto letu hili? (Nyali)

Kwa friza, na kwa naitro tu iliyokauka wiki kadhaa. Mti na vanishi havitanuki sawa. Joto likibadilika ghafla, vanishi hushindwa kuufuata mti, ikapasuka. Funga kiwiliwili kitupu cha gitaa ndani ya mfuko wa plastiki, kikae saa moja au mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kitoe, pitisha mashine ya kukaushia nywele, utasikia tik, tik. Hapa kwetu kitaota jasho papo hapo: futa mara moja, hasa kwenye matundu ya skrubu, ukiache hadi kesho kabla ya kurudia, la sivyo maji huinua vanishi. Nyufa za wembe kwenye poli hatuzipendi. Zinanyooka mno, zadhihirisha rula.

Na vyuma? (Changamwe)

Nikeli huzeeka upesi, kromu ni bishi. Iguse kwanza kwa msasa 600. Ning'iniza vyuma ndani ya ndoo yenye kifuniko, nje ya nyumba, na kikombe cha siki yenye chumvi chini yake. Visiguse maji. Chungulia kila baada ya saa kadhaa. Huenda ikachukua siku mbili. Kisha visuuze kwa maji ya magadi yale ya kuchemshia maharagwe, vikaushe, vipake mafuta ya cherehani. Meno ya vigingi vya kukazia nyuzi na hesi za skrubu za briji, yaani daraja la nyuzi, usizitie. Zikishika kutu, hutaweza kusawazisha sauti tena. Asiye na haraka azitundike dirisha la upande wa bahari, chumvi ya upepo itamfanyia kazi bure.

Nikiliuza niseme ni la 1962? (Hakutaja atokako)

La. Sema limezeeshwa. Fender, kampuni ya magitaa, wenyewe huuza magitaa yaliyochakazwa kiwandani tangu 1995, na huyauza waziwazi kwa jina la Relic. Na ukilipeleka kwa mnunuzi, safisha kwanza vumbi la chuma kwenye pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi: sumaku zake hukusanya vipande vya sufu ya chuma ya kusugulia, na sauti huanza kukwaruza kabla hajalifikisha nyumbani.